Kiti cha Mgeni wa Heshima

Mwezi uliopita Mzee Liang alirudi Durban, na kabla hajaniuliza kama nimeolewa, kama nina watoto, au kwa nini nimenenepa kiasi hiki, aliniuliza kama vyoo vya ukumbi vinafanya kazi. Tulikuwa tumesimama mbele ya jengo la fleti huko Overport ambako mjukuu wake amepanga, yeye akiegemea fimbo, mimi nikijifuta macho na kusingizia mafua. Nikamwambia vinafanya kazi. “Vyote?” Vyote, Papa. Hapo ndipo alipomwachia mjukuu ile fimbo, akanishika mikono miwili na kunidai shikamoo yangu. Sisi wa Bukavu shikamoo hatuna; yeye Mchina ndiye aliyenifundisha, na nilipompa aliijibu kwa lafudhi ileile ya Unguja iliyotuchekesha mwaka ule mzima.

Tulipanda juu tukala. Mjukuu, binti mwenye miwani anayesoma hapa chuo kikuu, alinong’ona kwa Kiingereza akiniuliza kama ni kweli babu yake aliwahi kuwa mchezaji mkubwa, maana nyumbani kwao kuna picha nyingi za mashindano. Nikamwambia azitazame tena hizo picha vizuri. Babu yake hayumo katikati hata kwenye moja. Yuko pembeni, nusu bega limekatwa, anaangalia kitu kingine kabisa, pengine taa, pengine mlango. Babu yako, nikamwambia, alikuwa mtu wa viti. Binti alicheka akidhani natania. Sikuwa natania. Leo kazi yangu ni kupanga mashindano ya watoto katika kumbi za jiji hili, na wanaofanya kazi nami husema nina mdomo mkali na macho kisogoni. Vyote viwili nilivipata katika mwaka mmoja, na nikiulizwa nilisomea wapi huwa najibu kwamba nilisomea Albert Park, chini ya ghorofa, kwa mtu aliyekuwa amechelewa kupanda cheo.

Ulikuwa mwaka ambao Durban nzima ilikuwa inangoja Kombe la Dunia. Uwanja mpya ulikuwa umeinuka, barabara zinachimbwa, na mtu akitaja michezo alikuwa na maana ya mpira wa miguu tu. Mimi nilikuwa binti wa duka la simu, nabadilisha vioo na kuuza betri, na jioni nawatafsiria watu wetu zahanati na polisi kwa sababu nilikishika Kizulu upesi. Siku moja aliingia mzee wa Kichina mwenye suruali iliyopigwa pasi kama kisu, akaweka simu yake mezani, akanisikiliza nikigombana na mteja, kisha akasema: “Samahani, ndugu. Ningependa kujua tatizo la simu hii.” Mteja wangu, Mkongo mwenzangu, akatoka mbio kwenda kuwaita wengine waje kuona. Mzee akaendelea kusimama pale na adabu zake zote, akisubiri jibu.

Kumbe alikuwa ofisa wa serikali, wa idara ya michezo ya jimbo lao, na alikuwa ametumwa kwa mwaka mmoja kufungua ukumbi wa tenisi ya meza kama zawadi ya urafiki. Jiji lilikuwa limempa chumba kirefu chini ya ghorofa moja hapa Albert Park, zamani ghala la samani. Meza zilikuwa zimeshafika kwa meli. Kitu ambacho hakikufika ni mkalimani. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini Kiswahili alikuwa amekichota Unguja alipokuwa kijana, alipopelekwa kumsaidia kocha wao. Ndipo ikawa hivi: yeye anasema Kiswahili cha kitabuni, mimi nakigeuza Kiingereza au Kizulu, na watu wa ofisi za jiji wanatutazama kwa zamu, Mchina na Mkongo, wasijue ni nani hasa anayemwakilisha nani. Nilimwambia mwajiri wangu kwamba nitafanya asubuhi tu. Alinuna, nikamwacha anune.

Lakini hakunichukua kwa ajili ya lugha peke yake. Alinichukua baada ya kuja kanisani kwetu kwenye harusi na kuniona kazini. Kwa Wakongo, protokole si mchezo. Ni kikosi cha watu wenye sare, tena wenye roho ngumu, wanaopokea wageni mlangoni na kumkalisha kila mmoja mahali panapolingana na cheo chake, na mgeni wa heshima akiingia, sisi ndio tunaoinua kanisa zima lisimame. Nilikuwa na miaka michache katika protokole na nilikuwa nimeshawahi kumhamisha mjomba wa bwana harusi bila yeye kugundua kwamba amehamishwa. Baada ya ibada Mzee Liang alinifuata kwenye korido, amefurahi mpaka masikio yamekuwa mekundu. “Ndugu Nsimire,” akasema, “mkono wako, ule ulionyosha kwa yule bibi mnene. Nani alikufundisha?” Nikamwambia ni Mama Zawadi, mkuu wa protokole, ambaye alikuwa amesimama palepale akijifanya hasikii.

Jikoni kwake Overport ndiko nilikojifunza zaidi kuliko ukumbini. Alikuwa akipika mayai na nyanya, mimi naleta sombe, kisamvu chetu, na makayabu, samaki wa chumvi, tunakula kwenye meza ndogo iliyojaa michoro ya viti. Alinieleza maisha yake kwa vipande, kati ya tonge na tonge, na bila kujionea huruma. Alikuwa mchezaji wa jimbo, mzuri lakini si mzuri vya kutosha. Aliporudi kutoka Unguja akapewa dawati kwa sababu mwandiko wake ulikuwa safi. Akawa karani, akawa mkuu wa kitengo, akawa naibu mkurugenzi, akapanga mashindano ya mabasi mangapi ya watoto, malazi yao, uji wao, taa, daktari, na nani aketi karibu na nani. Nilipomuuliza kwa nini hakuwa mkurugenzi, alitafuna kwanza akamaliza. Akasema kwamba katika fainali moja ya vijana kiongozi mkubwa alikaa katikati, nyuma ya meza ya mchezo, amevaa shati jeupe. Mpira ulikuwa mweupe. Mpira mweupe ukipita mbele ya kitu cheupe jicho linaupoteza, na katika mchezo huu ukipoteza mpira kwa kufumba na kufumbua, pointi imekwenda. Mtoto mmoja alikuwa anashindwa na shati. Mzee Liang, wakati ule bado nywele nyeusi, akaenda akainama, akamwomba kiongozi asogee viti viwili pembeni.

“Akakasirika?” nikauliza.

“Akatabasamu,” akasema. “Angekasirika, ningepona. Alitabasamu, akahama, na tangu siku hiyo jina langu halikusomwa tena.” Waliokuwa chini yake walipanda wakapita. Na ilipotafutwa mtu wa kupeleka Durban, wakati wenzake wote wanaomba Ulaya, wakakumbuka kwamba yupo naibu anayejua Kiswahili. Nilitaka kumuuliza kama anajuta, nikashindwa, nikamwongezea sombe.

Ukumbi ulijaa kuliko alivyotarajia. Mwaka uliotangulia watu wetu walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu ya kufukuzwa na majirani wasiotaka wageni, na wengi bado walikuwa wanapita njia za nyuma. Sasa hapa palikuwa mahali ambapo mtoto wa Kizulu na mtoto wa Kirundi walibishana jambo moja tu, kama mpira umegusa meza au haukugusa. Aline, Mrundi aliyekuwa akisuka nywele kwenye saluni ya jirani, alikuja kwanza kuchungulia, kisha akashika raketi, kisha ikawa hatumtoi. Vidole vya msusi vina macho. Mzee Liang alimtazama jioni moja akarudi nyuma hatua chache kama mtu aliyeona moshi. “Huyu,” akaniambia, “huyu tumemchelewea, lakini si sana.”

Basi mwaka ulipokaribia kwisha nikayasikia ambayo sikutakiwa kuyasikia. Nilikuwa nafagia nyuma ya mlango, na msaidizi wa diwani wa mtaa wetu alikuwa nje na simu sikioni. Alikuwa anamwambia mtu kwamba ruhusa ya ule ukumbi inaisha, kwamba kuna mfanyabiashara anautaka kuwekea friji zake, na kwamba bosi atakuja kwenye fainali ya mashindano yetu ya kufunga mwaka aone mwenyewe. Bosi akipendezwa, tutabaki. Asipopendezwa, Januari meza zinakwenda kwa shule moja ya mbali. Nilimweleza Mzee Liang. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta. “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe,” akasema. “Sisi tumeshalima mwaka mzima. Sasa tupange viti.”

Kazi ya kupamba nikampa Mama Zawadi, na hapo ndipo maji yalipozidi unga. Asubuhi ya fainali tulifungua ukumbi tukakuta harusi. Mama Zawadi na wenzake walikuwa wamekuja na alfajiri yao, wakafunika kuta zote kwa satini nyeupe, wakavalisha viti nguo nyeupe zenye fundo mgongoni, wakaning’iniza neti nyeupe darini, na wenyewe, kikosi kizima cha protokole, wamevaa nyeupe tupu kuanzia kilemba mpaka viatu. Palikuwa pazuri mno. Mzee Liang akachukua mpira mmoja mfukoni. Mipira yote aliyoletewa ilikuwa myeupe. Akaudundisha mbele ya ukuta, na mpira ukatoweka.

“Ndugu Mama Zawadi,” akasema kwa upole, “hii ni kazi nzuri kuliko zote nilizoona. Tafadhali, iondoeni yote.”

Mama Zawadi akanigeukia mimi. “Nsimire! Ule Mchina iko na kichwa muzuri kweli? Fête bila blanc, sikukuu bila nyeupe, wapi ulishaona?”

“Haiko mariage, haiko ndoa, Mama. Iko match.”

“Match, mariage, yote ni fête! Na konsela, diwani mwenyewe, anakuja! Tumuweke kwa ukuta ya ciment kama mufungwa?”

Nilimweleza habari ya jicho na mpira. Alisikiliza akiwa ameshika kiuno, kisha akaanza kuchomoa pini moja moja, na kila pini ilikuwa tusi. Tukaazima mablanketi ya bluu nzito kwa Mrundi mwenye duka ng’ambo ya barabara, tukayatundika. Wale mama wakaenda nyumbani wakarudi wamevaa vitenge vyao vya giza, wamenuna kama watu waliokatazwa kulia msibani. Kiti cha diwani nilikiweka mwenyewe. Ukumbi ule ni mwembamba, pembeni kuna nguzo na watu, kwa hiyo mahali pekee pa heshima palikuwa mwisho wa chumba, nyuma ya meza ya mchezo, ambapo kila anayeingia anamwona. Mzee Liang alikitazama kile kiti muda mrefu. Aliniuliza swali moja tu: atavaa nini? Nikampigia simu msaidizi. Suti nyeusi, akasema. Sharp, kama wasemavyo hapa wakimaanisha sawa.

Diwani alichelewa. Kwetu tungemngoja, maana mkubwa huingia mwisho, lakini Mzee Liang alisema wachezaji wakishapasha misuli hawawekwi kama chakula kwenye sahani, na fainali ikaanza kwa saa yake. Aline upande mmoja. Upande wa pili Nokuthula, binti mrefu kutoka Umlazi, mwenye mkono wa kushoto na dharau tamu usoni. Walikuwa wamegawana seti mbili za kwanza, kila mmoja moja, ndipo diwani akaingia, mtu mpana, suti nyeusi kweli, jasho limeshamtiririka. Nikamnyooshea mkono wangu mzuri kuliko yote, nikamkalisha. Mzee Liang akaketi kushoto kwake. Nikapumua.

Joto la Durban mwezi ule halina huruma, na ukumbi hauna hata dirisha la maana. Seti ya tatu ilikuwa imefika katikati diwani alipofungua kifungo kimoja, kisha cha pili, kisha akavua koti akampa msaidizi. Ndani alikuwa na shati jeupe linalong’aa, pana kama shuka ya hospitali. Aline ndiye aliyekuwa anatazama upande ule. Alikosa mpira mmoja, akakosa mwingine, akapiga hewa. Watu wakaguna. Akashindwa ile seti, akaja kwangu kuchukua taulo. “Dada, mpira siuone. Unaingia mule kwa shati, unapotea.” Seti iliyofuata walibadilishana upande, na sasa ikawa Nokuthula anapiga hewa na kugeuka kumtazama mwamuzi. Ikawa si fainali tena. Ikawa ni kutazama nani ataonewa na shati zaidi. Wakawa sawa, mbili kwa mbili, na seti ya mwisho ilikuwa inakuja.

Nilimtazama Mzee Liang. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Alikuwa amebakiza muda mfupi tu kustaafu, na hakuna mtu kwao ambaye angejua lolote kuhusu chumba kimoja cha Albert Park. Angeweza kukaa kimya na ukumbi tungeupata. Lakini nilimwona anaweka mguu sawa, anajiegemeza, anaanza kusimama, na nikajua anakwenda kuinama tena kama alivyoinama ujanani, na kwamba diwani atatabasamu. Nikamnyooshea kiganja kutoka ng’ambo ya chumba, ile ishara ya protokole isiyo na mjadala: kaa. Akakaa. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwamuru baba mzima.

Nilimzuia kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kitu ambacho yeye hakukijua. Sisi mgeni hatumhamishi. Sisi mgeni tunamvika. Baba mkwe akija, askofu akija, tunamfunika bega kwa kitenge kipya, na hakuna mtu aliyewahi kuona hiyo ni aibu. Nikamwendea Mama Zawadi. “Mama,” nikamwambia, “tumuvalishe.” Sikuhitaji kusema zaidi. Mama Zawadi aliliangalia lile shati, akaiangalia meza, na usoni mwake nikaona pini zote za asubuhi zinasamehewa. Mwanamke wa kwetu siku ya sherehe huvaa kitenge juu ya kitenge. Akakifungua kile cha juu, cha bluu ya giza, kipya, akakikung’uta mara moja, akapiga kigelegele kilichowafanya watoto wote waruke, na kikosi kizima kikamfuata kwa mwendo wa kucheza, kuelekea kwenye kiti cha diwani.

Wakamzunguka. Wakamfunika kuanzia shingoni mpaka magotini. Mimi nikapiga magoti mbele yake, na hapo ningeweza kumwachia heshima peke yake, lakini aliniangalia kwa macho ya mtu anayetaka kuelewa, nikaona haya kumdanganya. Nikamwambia kwa Kizulu, chini chini: “Baba, ni heshima ya kwetu kwa mgeni mkubwa. Na pia, samahani sana, shati lako linameza mpira.”

Alilitazama shati lake chini ya kitenge. Aliutazama mpira mkononi mwa mwamuzi, kisha Aline, kisha Nokuthula, ambao wote wawili walikuwa wanamtazama yeye. Msaidizi wake alikuwa ameinua uso tayari kunifokea. Kando ya diwani, Mzee Liang alikuwa amefumba macho. Nilihesabu friji zile zikiingia mlangoni, moja baada ya nyingine.

“Hawu,” akasema diwani kwa mshangao. Akakivuta kitenge mpaka kidevuni kama mtu aliyesikia baridi, akageuka nyuma akamwona msaidizi wake, naye yumo ndani ya shati jeupe vilevile, koti la bosi mkononi. “Wewe,” akamwambia, “vaa hilo koti.”

Nilisikia kitu kama kikohozi, nikadhani Mzee Liang anaumwa. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka, machozi yanamtoka, ofisa wa serikali mwenye suruali ya pasi, na alipojaribu kujizuia diwani akamtazama, naye akaanza. Seti ya mwisho ilichezwa mbele ya wazee wawili wanaofutana macho kwa pindo moja la kitenge. Sijawahi tena kuona seti kama ile. Wale mabinti walipigana kila pointi, hakuna aliyemwacha mwenzake mbali, na Albert Park yote ilikuwa mlangoni. Nokuthula alishinda mwishoni kabisa. Aline alikaa sakafuni akalia, kisha Nokuthula akaketi karibu naye, akaanza kumwonyesha nywele zake, akitaka kujua lini ataweza kuja kusukwa.

Hotuba ya diwani ilikuwa mfukoni mwa koti, na koti lilikuwa limevaliwa na mtu mwingine, kwa hiyo hakuisoma. Alisimama na kitenge chake mabegani. Hata watoto walijua kwamba sasa ndiyo sasa. Akanyoosha mkono kuniita nije nitafsiri, akamwelekea Mzee Liang, akasema sentensi moja ya Kizulu. Nikamshika kwanza Mzee Liang mkono. Mama Zawadi, ambaye Kizulu chake ni cha sokoni tu, akapaza sauti kutoka nyuma: “Anasema nini? Nsimire, anasema nini?”

“Anauliza,” nikamwambia Mzee Liang, “anauliza mwaka ujao avae rangi gani.”